Msimamizi Asiwe Ndugu

Ibra, 14 Oktoba 2002

Shangazi yangu Shukriya,

Assalamu alaykum, na shikamoo, na kila mmoja humu ndani anataka salamu zake zitangulie za mwenzake. Bibi Mabruka hajambo. Magoti yanamsumbua, lakini Jumatano hakosi soko la wanawake, na wiki iliyopita amerudi na udi anaosema haujapata kuuzwa Ibra tangu mji uumbwe. Mama anasema papa mkavu uliyetutumia amekwisha, kwa hiyo uelewe mwenyewe. Baba yuko dukani na mabati yake. Mdogo wangu Yazeed ameng'oka jino la mbele na bado anajiona bwana harusi.

Najua umekuwa ukipiga simu na kila ukipiga unakuta laini imeshikwa. Mji mzima unalalamika. Mteja mmoja wa Baba ametoka Mudhaibi mpaka hapa kuulizia misumari kwa sababu simu haipatikani. Shangazi, ni mimi! Ni mimi niliyeishika laini, na sababu yake ni nzuri mno. Ulisema nikitaka msaada wako nikuandikie kwa Kiswahili, basi hiki hapa. Nikikosea cheka peke yako, usimsomee mumeo Ami Sleyum.

Nasoma kemia!

Unakumbuka mwaka niliougua, alama zangu za hesabu zikaporomoka, nikapangwa masomo ya fasihi na historia wakati wenzangu wanaingia sayansi. Nilikwambia nimeridhika. Uwongo mtupu. Kila nikipita karibu na maabara ya shule nilikuwa nageuza uso. Sasa kuna shule huko Kanada inayofundisha sekondari kwa intaneti, ile inayopita kwenye laini ya simu. Vitabu vinakuja kwa posta, masomo unayafungua kwenye kompyuta, kazi unaifanya nyumbani na kuituma, na mwalimu anaisahihisha yuko kwake kwenye theluji. Nikimaliza kemia na biolojia nikafaulu, napata cheti cha kuniingiza chuo cha maabara. Nataka kuwa yule mtu anayepokea kichupa cha damu na kusema ndani yake mna nini.

Tatizo ni Baba. Alinipa mwezi mmoja wa kujaribu, na mwezi unakwisha, na jana amesema, "Ya binti, khalas, hii simu ya biashara." Nakuomba zungumza naye. Wewe anakusikiliza, sijui kwa nini. Na Idi utakuja? Idi zote tangu mwaka juzi unasema utakuja, na hatukuoni.

Mwanao,
Khulood


Sur, 3 Novemba 2002

Khulood, mwanangu,

Marahaba, na waalaykum salaam, na pole kwa magoti ya mama yangu. Mwambie ajisugue kwa mafuta ya ufuta ya moto na aache ubishi. Sisi tu wazima. Ami yako Sleyum ameleta mashine mpya za boti dukani kwake na anazipangusa kuliko alivyowahi kuwapangusa watoto wake. Mimba ya binti yetu Fatin ni kubwa na hasira zake ni kubwa zaidi. Mimi niko na darasa langu la kina mama wanaojifunza kusoma. Wiki hii bibi mmoja ameandika jina lake kwa mara ya kwanza, akaliangalia, akasema, "Kumbe ni fupi hivi!"

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Kiswahili chako kina mashimo kama njia ya Bidbid kabla haijatiwa lami, lakini gari linafika.

Baba yako Thani nimempigia dukani. Sikumwomba kitu. Nilimuuliza tu, "Thani, kule Tabora hesabu zako za shule nani alikuwa akikufanyia?" Nikamwambia, "Alikuwa msichana, na leo msichana mwingine anataka zamu yake." Akasema, "Wewe Shukriya, mdomo wako huo!" lakini alicheka, na baba yako akicheka ameshashindwa. Makubaliano ni haya: mchana duka likifungwa mpaka alasiri, laini ni yako. Asubuhi na jioni ni ya mabati. Na kompyuta ikae chumbani kwa Bibi, ambako hakuna atakayethubutu kukufukuza.

Tatizo ni kwamba mchana ndiyo saa yangu ya kupiga simu, nikitoka darasani. Nimejifungia mlango mwenyewe! Basi tuandikiane. Barua mpe dereva yeyote wa teksi za Sur, wote wanalijua duka la Sleyum.

Soma, Khulood. Mimi niliacha shule siku tuliyofunga mizigo Tabora kuja huku, na tulipofika nilikuwa mkubwa mno wa kukaa dawatini. Hakuna aliyeniuliza nilitaka kuwa nani. Wewe umejiuliza mwenyewe na ukajijibu, na mimi nimefurahi mpaka nimeunguza wali.

Idi sitaweza. Fatin anakaribia.

Shangazi yako,
Shukriya


Ibra, 28 Desemba 2002

Shangazi, shikamoo!

Idi imepita bila wewe, lakini nimekusamehe kwa sababu nina furaha ya kugawa. Wote wazima. Jino la Yazeed linaota upande.

Mwalimu wangu wa Kanada ameniandikia kuwa kazi yangu ni nzuri sana! Ameniuliza kama Oman kuna baridi. Nimemjibu kwamba nimevaa soksi. Jaribio la mwezi huu lilikuwa la jikoni: unapaka manjano kwenye karatasi, unatia maji ya sabuni, yanageuka mekundu, ukitia siki yanarudi kama yalivyokuwa. Bibi alikuwa kitandani anatazama. Akasema, "Hii ndiyo kemia? Basi kila niliyemfulia kanzu yenye doa la mchuzi anipe cheti." Sasa kila mchana anakaa karibu yangu na tasbihi yake, na laini ikikatika tunaikasirikia pamoja.

Lakini sikiliza. Mwezi wa nne nina mtihani wa mwisho, na kanuni ya shule inataka msimamizi. Awe mwalimu au mtu wa serikali, akae na mimi chumba kimoja mpaka nimalize, na asiwe ndugu yangu wa damu wala wa ndoa. Nilidhani ni jambo dogo. Shangazi, nimekwisha! Mkuu wa shule yetu ni binamu wa Mama. Daktari wa zahanati amemwoa binti wa ami yake Baba. Mwalimu wa Kiingereza ni mtoto wa khalati, dada yake Mama. Ibra nzima ni ndugu zetu, na asiye ndugu ana posa mlangoni. Nilikaa nikahesabu nyumba kwa nyumba mpaka nikakata tamaa.

Halafu nikampata! Ustadh Muadh bin Yaarub, mkaguzi wa masomo ya sayansi, aliyehamia hapa kutoka Nizwa mwaka juzi. Hana jamaa Ibra, amekuja na mke wake tu, Bi Fawziya. Na anazungumza Kiswahili, amekulia Bujumbura. Nilipomweleza alisimama kwa furaha, akasema angekuwa na wanafunzi kumi kama mimi angelala usingizi. Kisha akauliza, "Wewe wa Thani? Wale wa Tabora?" Nikasema ndiyo. Akatazama dirishani kidogo, akauliza, "Shukriya hajambo?" Nikasema hajambo, yuko Sur. Basi anakusalimu. Jina lake nimeshalituma Kanada.

Nina furaha, Shangazi! Nina furaha mpaka Mama ameniambia nikae chini.

Khulood


Sur, 20 Januari 2003

Khulood,

Marahaba. Fatin amejifungua mtoto wa kiume, wazima wote wawili, alhamdulillah. Ana masikio ya Sleyum, maskini, lakini atakua nayo. Nyumba imejaa wageni na halwa, kwa hiyo hii ni fupi.

Msimamizi tafuta mwingine. Hata huku Sur wapo.

Msalimie mama yangu.

Shukriya


Ibra, 22 Februari 2003

Shangazi, shikamoo, na hongera ya mjukuu, Mungu amkuze. Bibi amepiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Idi ya kuchinja pia hukuja. Mama alikuwa amekuwekea maini.

Nimeisoma barua yako fupi na sikuielewa. Kwa nini nitafute mwingine? Kanada wameshamkubali Ustadh Muadh, tarehe imepangwa, na yeye ameshaomba ruhusa kazini kwake. Hukutaja hata jina lake. Salamu zake hukuzijibu. Na Bibi naye vilevile: nikisema "Ustadh Muadh" anaacha tasbihi, anainuka na hayo magoti yake, anakwenda jikoni kumenya kitunguu thomu ambacho hakuna aliyekitaka. Nyinyi wawili mnanificha nini? Mimi si mtoto, nina miaka kumi na saba.

Na kuna kubwa zaidi. Mtihani peke yake hautoshi. Lazima majira ya joto nihudhurie wiki tatu za maabara, kwa mikono yangu, na kituo chao cha huku kwetu Asia kiko Kuala Lumpur. Watakuja wanafunzi kutoka nchi nyingi, watavaa makoti meupe, watawasha gesi, watatazama damu kwa hadubini! Usipokwenda, hakuna cheti. Nilipomwambia Baba aliweka kijiko chini. Akasema, "Malesia kuzuri, Waislamu wenzetu. Lakini bila mahram, mwanamume wa nyumbani asiyeweza kukuoa, la." Nikamwambia twende wote. Akasema Julai ni tabsili, msimu ambao tende za mabsli zinachemshwa, na yeye hajaliacha jiko lake la tende tangu aanze kulijenga. "Unataka kemia? Ipo hapa, njoo uchemshe tende." Makhalo zangu, kaka zake Mama, wote wawili ni wanajeshi, hawapewi ruhusa. Yazeed ana miaka minane na jino la upande.

Kwa hiyo wewe unaninyang'anya msimamizi, na Baba ananinyang'anya safari. Nimekasirika kidogo. Nisamehe, lakini nimekasirika.

Khulood


Sur, 30 Machi 2003

Mwanangu Khulood,

Salaam nyingi. Hasira zako nimezipokea na nimeziweka mahali pazuri. Mtoto hajambo, masikio yanaongezeka.

Nimekawia kujibu. Kila nikikaa kuandika, nakumbuka kazi ya jikoni, kama mama yangu na kitunguu thomu chake. Sisi ni wamoja kwa hilo.

Nilichonyamazia si changu peke yangu. Nilimwapia mama yangu kwamba sitakisema, na kiapo changu nakiheshimu hata kikiniuma. Lakini wewe hukuapa. Muulize Bibi. Muulize wakati baba yako yupo, amekaa, amekunywa kahawa. Mwambie Bibi, "Shukriya amesema amechoka, na amekufungulia mlango."

Na jua hili kabla hujasikia lolote: Muadh hana kosa hata moja. Ukimwona, mheshimu.

Shangazi yako


Ibra, 12 Aprili 2003

Shangazi yangu, Shangazi yangu!

Sijui nianze na shikamoo au nianze na kilio. Shikamoo. Wote wazima, na wote tumelia, hata Baba, ingawa anasema ni moshi.

Alhamisi baada ya chakula Baba alikuwa anakunywa kahawa na Bibi. Nikasema kama ulivyonifundisha, neno kwa neno. Bibi akamaliza kikombe chake, akakitikisa kuonyesha kahawa imemtosha, akakiweka chini.

"Thani," akasema, "yule Muadh ni ndugu yako."

Baba akacheka. "Ndugu wa wapi, Mama?"

"Wa hapa." Akajishika kifua.

Shangazi, wewe unayajua, lakini acha nikuandikie nilivyoyasikia, kwa sababu sijapata kumsikia Bibi akizungumza hivi. Kwamba kule Tabora mama yake Muadh aliugua baada ya kujifungua, maziwa yakakauka, na wewe ulikuwa mchanga bado, basi Bibi akawachukua wote wawili, huyu kulia na huyu kushoto, mpaka mama yake alipofariki na Mzee Yaarub akamhamisha mtoto Bujumbura. Babu alikuwa safarini kununua ngozi. Bibi hakumwomba idhini, na aliporudi mtoto alikuwa ameshaondoka. "Nikasema, kwenda ameshakwenda, maneno ya nini? Sikumtangaza. Mtoto ukimnyonyesha unamtangaza, ili watu wajue nani ndugu wa nani, na nani haolewi na nani. Mimi sikumtangaza."

Halafu Ibra, miaka mingi baadaye, ikaja posa yako. Kijana wa Nizwa, msomi, mlionana kwenye harusi, na wewe ukafurahi, nguo zikashonwa. Siku wanaume walipokuja Bibi alikuwa nyuma ya pazia akamsikia mshenga anasema "Muadh bin Yaarub, aliyezaliwa Tabora." Anasema kifua kilimbana kama siku zile. Akatuma neno moja tu nje: haiwezekani. Aliona haya kusema sababu. Akakwambia wewe peke yako na akakuapisha. Baba alikuwa anafanya kazi Abu Dhabi, akaambiwa haikuwa riziki. Na Muadh hakuambiwa kitu.

Baba alisimama akazunguka chumba. "Yaani nina ndugu mji huu, wallahi, ananipita sokoni nampa mkono kama mgeni?"

Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza mtihani. Nikasema, "Baba, kanuni inasema asiwe ndugu wa damu wala wa ndoa. Maziwa hawakuyataja." Na ni kweli! Kanada hawayajui mambo haya. Ningenyamaza, angekaa akanisimamia, na hakuna mtu duniani ambaye angeuliza.

Baba akanitazama. "Wao hawajui. Wewe unajua."

Nikaanza kuokota vikombe. Na nilipokuwa naviokota ndipo ikaniingia. Nikaruka, nikapindua sahani ya tende. "Baba! Kama ni ndugu yako wa kunyonya, ni ami yangu! Na kama ni ami yangu, ni mahram wangu!"

Bibi akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Baba akakaa, akasema taratibu, "Basi chagua. Kama si ndugu, akusimamie. Kama ni ndugu, akusafirishe. Hawezi kuwa huku mgeni na huku ami."

Nimechagua, Shangazi. Siku hiyo hiyo nimewaandikia Kanada kuwa msimamizi wangu ni ami yangu kwa maziwa, na nimeeleza kwa Kiingereza, kazi ngumu kuliko kemia. Mwalimu amejibu kwamba ameuliza ofisi nzima na hakuna aliyewahi kusikia jambo hili, lakini kama mimi namwita ami, basi kwao pia ni ami, nitafute mwingine. Wamenisogezea mtihani mpaka mwisho wa Mei. Sasa sina msimamizi na sijui nitampata wapi.

Na Ami Muadh bado hajui. Nimemwambia tu kwamba shule imebadilisha. Bibi anasema hatakwenda kwake mpaka wewe useme ndiyo, kwa kuwa jina lililotajwa kwenye posa ile lilikuwa lako.

Jibu haraka. Tafadhali, Shangazi. Dereva ameahidi kusubiri.

Khulood


Sur, 14 Aprili 2003

Mwanangu,

Dereva amesubiri, amekula, na sasa analala kwenye baraza yangu, kwa hiyo naandika haraka.

Mwambieni. Nendeni leo kama mnaweza.

Nililia sana mwaka ule, na sikujua hata nalia nini. Mwenzangu akivunjiwa posa anamlilia mchumba. Mimi nilikuwa nimepata kaka na siruhusiwi kumwita. Lakini hilo lilipita, nikaolewa, nikapata mume mwema na watoto wenye masikio. Kilichobaki kikiniuma ni yeye. Alikwenda zake akidhani ana kasoro, na mimi najua hana, na nimefunga mdomo. Alipohamia Ibra nikaogopa kuja. Niliogopa nitakutana naye njiani na ataniuliza kwa macho.

Sleyum nimemwambia mwenyewe, jana usiku wakati wa chakula. Akamaliza kutafuna, akasema, "Yaani nina shemeji miaka yote hii na sijamlisha samaki?" Basi. Hayo ndiyo maneno yake yote, na nimempenda upya.

Msimamizi ninaye. Jirani yangu Ustadha Badriya, Msudani, anafundisha fizikia, mkali kama pilipili ya kukaanga. Nimemchunguza ukoo wake mpaka Omdurman na hakuna aliyenyonya kwetu! Tuma jina lake Kanada, na Mei uje hapa ulale kwangu, nikulishe, nikuamshe alfajiri.

Shukriya


Ibra, 14 Juni 2003

Shangazi, shikamoo, nimefaulu!

Nimefaulu kemia, nimefaulu biolojia! Mwambie Ustadha Badriya, na mwambie nimemsamehe kwa kunikataza kukohoa. Mama amesambaza halwa mtaa mzima. Baba amewaambia wateja wake wote, hata waliokuja kununua rangi. Yazeed anataka naye ashike laini.

Kuhusu Ami Muadh, nilipokuwa huko kwenu Sur mwezi uliopita hukuniuliza, nami niliogopa kuanza. Nakuandikia sasa, kwa sababu kwa kalamu wewe na mimi ni hodari zaidi.

Tulikwenda Ijumaa baada ya swala, Baba, Bibi na mimi. Bi Fawziya alileta matunda na kahawa. Bibi hakugusa. Alisema yote palepale, bila kuzunguka, macho yake kwenye zulia. Ami Muadh akaweka kikombe chake chini. Kisha akasema, kwa Kiswahili, polepole, "Mimi nilidhani mlinikataa kwa kuwa sina mama."

Bibi akanyanyua uso. "Tulikukataa kwa kuwa unaye."

Shangazi, akatoka kitini, mtu mzima na kanzu yake iliyopigwa pasi, akaja akakaa chini miguuni kwa Bibi, akambusu kichwa na mikono. Bibi akamshika mashavu kama anamtafuta yule mchanga. Bi Fawziya akalia, mimi nikalia, Baba akatoka nje kutazama gari ambalo halikuwa na ubaya wowote.

Baadaye akauliza, "Shukriya alijua?" Bibi akasema, "Nilimwapisha." Akaitikia kwa kichwa.

Tunaondoka tarehe tano Julai, mimi, yeye na Bi Fawziya! Baba ametia saini huku anajifanya anasoma. Nimenunua viatu vya kufunika vidole, ni sharti la maabara. Nikivivaa ndani ya nyumba, Mama ananiita daktari.

Khulood


Kuala Lumpur, 16 Julai 2003

Shangazi mpenzi,

Assalamu alaykum kutoka nchi ambayo mvua inanyesha kila alasiri na hakuna anayetoka nje kuishangilia isipokuwa mimi na Bi Fawziya. Sote wazima. Chakula kina pilipili lakini kuna wali, tutaishi.

Nina koti jeupe, Shangazi, na jina langu limeandikwa kifuani! Tuko ishirini: wa Indonesia, wa Brunei, ndugu wawili wa Maldivi, na mimi peke yangu wa Oman. Siku ya kwanza niliwasha gesi nikaruka nyuma, leo naiwasha kama Bibi anavyowasha ubani. Na jana nilijichoma kidole, nikaweka tone kwenye kioo, nikatazama damu yangu kwa hadubini. Ilikuwa nzuri! Nilimwita mwalimu aje aone, kana kwamba hajawahi kuona damu.

Nikayatafuta maziwa humo ndani, yale ya Bibi. Hayaonekani. Nimemwambia Ami Muadh na akacheka mpaka akavua miwani. Yeye anakaa nje ya mlango wa maabara kwenye benchi kila siku, na gazeti ambalo hawezi kulisoma, kwa sababu Baba alimwambia "usimwache," na yeye amri ya kaka mkubwa ameisubiri miaka mingi, anasema ataitekeleza yote.

Ana maneno yako. Nilimuuliza kama ana salamu, akafikiri njia nzima mpaka hotelini, kisha akasema: "Mwambie huyo dada yangu, Sur na Ibra ni mwendo wa asubuhi moja. Nimemhesabia Idi alizokosa. Aje azilipe."

Alisema hivyo akitabasamu.

Mwanao wa koti jeupe,
Khulood


Ibra, 24 Julai 2003

Khulood wangu,

Ndiyo, umesoma sawasawa. Ibra. Hii sitaitia posta, naiacha juu ya kompyuta yako uikute ukirudi, kwa sababu keshokutwa uwanja wa ndege wa Seeb watu watakuwa wengi na mimi nitakuwa nalia hovyo, sitaweza kukueleza.

Barua yako ilipofika nilimwambia Sleyum atie mafuta gari. Njia nzima nilikuwa najizoeza. Tulipopita Kamil nikasema kwa sauti, "Kaka." Sleyum akageuka akaniuliza nataka nini. Nikamwambia endesha wewe.

Thani ananuka moshi wa tende na amekonda, lakini anapita nyumbani anapiga mluzi. Mama yangu amenipokea kwa matusi mazuri, kisha akanilaza kitandani kwake na kuniwekea mkono usoni kama zamani. Magoti bado. Mafuta ya ufuta hajapaka.

Mchana huu, wote wakiwa wamelala, nikakaa kwenye kiti chako, na simu ikalia. Nilishangaa, nimesahau kwamba simu hii inaweza kulia mchana. Nikapokea. Sauti ya mwanamume kutoka mbali, inafika na kuondoka, akauliza kama hapo ni kwa Thani.

Nikasema ndipo. Nikamuuliza, "Nani mwenzangu?"

Akasema, "Ndugu yake."

Maneno yote niliyojizoeza njiani, Khulood, yalikuwa yamekimbia. Nikamwambia, "Basi na wangu pia. Mnafika saa ngapi, tuwapikie?"

Shangazi yako,
Shukriya